Sura ya Tano: Chini ya Mawe ya Ikombe

Pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa ina sura mbili, na mzamiaji aliyeiona moja tu anaweza kurudi kwao akisema kwamba ziwa hili halina cha kutazama. Upande wa Itungi, iliko bandari ya Kyela, nchi ni tambarare ya mpunga, kakao na michikichi, na ufuko wa mchanga unaingia majini taratibu. Kiwira, Mbaka na Lufilyo zinateremka kutoka milimani zikiwa zimebeba udongo wa volkano wa Rungwe. Kyela ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa Tanzania, na mwezi wa Aprili, mito inapofurika, mtu akinyoosha mkono chini ya maji karibu na midomo ya mito hiyo haoni vidole vyake. Isitoshe, midomo ya mito ndiyo makazi ya mamba na viboko. Huko hatukuzamia, wala simshauri mtu yeyote azamie.

Sura ya pili inaanza Matema. Ukitoka Kyela mjini ukapita Ipinda, barabara inaelekea mashariki mpaka inapogota kwenye Milima ya Livingstone, iliyosimama wima juu ya maji. Hapo ardhi ilipasuka. Ziwa Nyasa limo katika Bonde la Ufa, na upande huu wa mashariki ndipo ulipo mpasuko mkubwa: mlima ulipanda, sakafu ya ziwa ikashuka. Kwa hiyo mteremko unaouona juu ya Matema na Ikombe haukomi ufukweni. Unaendelea kushuka chini ya maji kwa mawe makubwa yaliyolaliana, kisha majabali, kisha giza. Sehemu yenye kina kirefu kabisa ya ziwa hili, iliyo mbali kusini, inafikia takriban mita 700, na katika Afrika ni Tanganyika tu linaloizidi.

Mita hizo 700 hazina uhai sawasawa. Tabaka za maji ya ziwa hili hazichanganyiki mpaka chini. Maji ya juu yana joto, upepo unayakoroga na kuyapa hewa, na maji ya chini ni baridi kidogo na mazito zaidi, yametulia huko kwa muda mrefu sana. Kuanzia kama mita 200 hadi 250 kwenda chini hakuna oksijeni, na pasipo na oksijeni hakuna samaki. Kila samaki anayeuzwa Kyela, Manda, Mbamba Bay au Karonga ameishi katika tabaka hilo la juu, na aina nyingi kati yao katika ukanda mwembamba wa kando ambao mzamiaji wa kawaida anaufikia bila shida. Jambo hilo ndilo lililonifanya nitamani kwenda huko na watu wangu mwenyewe. Tumekua tukila samaki wa ziwa hili, tukisafiri juu yake kwa meli, tukisikia mabishano ya mpaka wake na Malawi yanayotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, na bado hakuna katika ukoo wetu aliyewahi kufungua macho chini yake.

Tulikwenda familia na marafiki: mimi na mke wangu, binti yetu aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, shemeji yangu aliyefundisha kuzamia Unguja kwa miaka mingi, rafiki zake wa Dar es Salaam, na shangazi yangu wa Ipinda. Shangazi hakutia mguu majini hata mara moja, lakini ndiye aliyeendesha kambi, kuanzia wali wa mchele wa Kyela hadi amri ya nani alale saa ngapi. Tulichagua mwisho wa kiangazi. Mwera, upepo wa kusini unaolichafua ziwa katikati ya mwaka, ulikuwa umelegea, mvua haijaanza, na maji yalikuwa meupe.

Mitungi na kompresa tulivitoa Dar es Salaam kwa pikapu. Upande wa Malawi, Nkhata Bay na Cape Maclear, shule za kuzamia zimekuwepo kwa miaka mingi. Kwetu anayetaka kuzamia aje na hewa yake. Shemeji aliisimika kompresa chini ya mwembe, akaupandisha mpira wa kuvutia hewa juu ya tawi upande upepo unakotokea, kisha akamkataza kila mtu kuwasha jiko au kuegesha gari upande huo. Hewa yenye moshi kidogo, ambayo hapa juu ungeivuta bila kujua, inakuwa sumu ikivutwa chini ya shinikizo la maji.

Hesabu ya hewa inaeleweka hata na mtoto wa shule, na binti yetu aliifanya kwa kijiti kwenye mchanga. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu aliyetulia anatumia kama lita 20 kwa dakika, kwa hiyo juu ya maji mtungi ungemtosha saa 2. Lakini kila mita 10 za maji zinaongeza shinikizo sawa na lile la anga yote iliyo juu yetu. Ukifika mita 10, kila pumzi ina hewa maradufu, na saa 2 zinakuwa 1. Ukifika mita 20, unabaki na dakika 40. Na mwenye hofu anapumua haraka, kwa hiyo hofu inakula muda wake mwenyewe.

Yapo mambo mawili ambayo mzamiaji wa Unguja au Mafia hayafikirii, na Kyela yanamlazimu. La kwanza ni uzito. Maji baridi ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo mwili unaelea kidogo zaidi baharini kuliko ziwani. Shemeji alimpunguzia kila mmoja wetu vipande vya risasi mkandani, kilo 2 na zaidi, na aliyebisha alizama kama jiwe la kusagia mpaka alipokubali. La pili ni mwinuko, na hili ni zito.

Uso wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yake ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar es Salaam, na majedwali ya kuzamia yalitengenezwa kwa ajili ya bahari. Mtu wa kwanza kuyaandaa kisayansi alikuwa Mskoti John Scott Haldane, mwaka 1908, baada ya kufanya majaribio kwa mbuzi katika chumba cha shinikizo. Naitrojeni tunayoivuta inayeyuka ndani ya mwili kadiri tunavyokwenda chini, na tukipanda upesi inatoka kwa vipovu, kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo, kwenye ubongo. Kinachoamua ni uwiano kati ya shinikizo la kule ulikokuwa na la huku uliko sasa. Kwa hiyo juu ya ziwa lililo zaidi ya mita 300 juu ya bahari, mzamiaji anapaswa kuuhesabu uwiano huo upya, au avae kompyuta ya mkononi inayouhesabu.

Hatari kubwa zaidi iko barabarani. Anayetoka Kyela kwenda Mbeya anapanda Tukuyu, karibu mita 1,500, kisha anavuka Uporoto, zaidi ya mita 2,000, ndipo anateremka kuelekea jiji. Kwa mwili uliojaa naitrojeni, safari hiyo ya basi ni sawa na kupanda ndege. Mtu anaweza kuzamia salama asubuhi Matema, akala mchana vizuri, akapanda Noah saa 9, na akaanza kufa ganzi miguu kabla ya kufika Mbeya. Mashirika ya usalama wa kuzamia yanashauri kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege baada ya siku kadhaa za kuzamia. Sisi tulijiwekea saa 24 na shangazi akakabidhiwa ufunguo wa gari. Chumba cha shinikizo cha kumtibu mgonjwa wa namna hiyo kiko mbali mno kwa mtu aliye Kyela kukitegemea, na mtu akiulizwa afanye nini, jibu la kweli ni kwamba asiruhusu hali hiyo itokee.

Kwa sababu hiyo hiyo ya mwinuko tulianza na Ziwa Kisiba, ambalo wengi wanaliita Masoko, tukiwa bado njiani kushuka kutoka Tukuyu. Ukianza juu na kumalizia chini, mwili haukudai. Kisiba ni shimo la volkano lililojaa maji, mviringo wake kama mita 700 kutoka ukingo hadi ukingo, kina chake hakifiki mita 40. Wenyeji wanasimulia kwamba Wajerumani, walipokuwa wakikimbia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walitupa humo fedha na silaha, na kila mgeni anayeonekana na vifaa vya kuzamia anaulizwa kwanza kama amekuja kwa ajili ya hizo. Tuliomba ruhusa kijijini, tukaeleza kwamba tumekuja kwa ajili ya samaki. Naamini nusu yao hawakutusadiki.

Hazina ya Kisiba iliyokwisha kuthibitishwa ni samaki wenyewe. Mababu zao waliingia ziwani humo kutoka mitoni, aina moja tu, Astatotilapia calliptera, ambaye anapatikana pia kandokando ya Nyasa. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Milan Malinsky, George Turner, Martin Genner na wenzao, akiwemo Benjamin Ngatunga wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI. Walisoma vinasaba vya samaki zaidi ya 100 wa humo na kukuta kwamba kundi hilo moja linagawanyika kuwa mawili. Kando ya ziwa, penye mwanga, madume ni ya manjano. Chini, penye giza, madume ni ya bluu iliyokolea, na hata vinasaba vinavyohusika na kuona vimeanza kutofautiana. Mgawanyiko huo umetokea ndani ya miaka 500 hadi 1,000 iliyopita. Wanyakyusa wanaoishi juu ya ukingo huo wanaweza kuhesabu vizazi vyao sambamba na kuzaliwa kwa samaki mpya.

Tulishuka polepole kwenye maji ya kijani. Karibu na ukingo, kati ya matawi yaliyozama, madume ya manjano yalikuwa yakifukuzana. Tulipopita mita 15 mwanga ukawa wa jioni, na tulipokaribia mita 20 shemeji akawasha tochi na kuishika mahali pamoja. Samaki mweusi alipita mbele yake, na katika mwanga ule weusi wake ukageuka bluu. Binti yetu alinishika mkono akaubana. Alikuwa amesoma habari ile nyumbani, na sasa aliziona pande zote mbili kwa mzamio mmoja.

Matema tulikaa wiki yote iliyobakia. Kutoka hapo hadi Ikombe, kijiji cha Wakisi, njia rahisi ni ya maji. Wanawake wa Ikombe wanafinyanga vyungu vinavyojulikana mpaka Mbeya na kwingineko, wanavipanga ndani ya mitumbwi na kuvileta kwenye mnada wa Lyulilo. Asubuhi tulikuwa tukipishana nao, wao na vyungu, sisi na mitungi. Walitusalimu kwanza, kisha wakauliza kama kweli tunalipwa kwa kazi ile.

Mawe yanaanzia pale pale mtumbwi unapogusa. Kichwa kikishaingia majini unaona mbele mita 15, siku nzuri 20, na kila mita ina samaki. Hawa wa mawe wanaitwa mbuna, jina lililotoka upande wa Malawi na sasa linatumika dunia nzima. Bluu, manjano, wenye milia, wenye madoadoa ya rangi ya chungwa, wote wa ukubwa wa kiganja au chini yake. Ziwa zima lina aina za samaki wa jamii pana ambamo mbuna wamo kati ya 800 na 1,000, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Ni aina nyingi kuliko za samaki wa maji baridi wa Ulaya nzima.

Wingi huo una sababu unayoiona ukitulia kwenye jiwe moja. Mbuna hasafiri. Ukoga unaoota juu ya mawe ndio malisho yake, na akikutana na mchanga mpana au maji mengi ya wazi havuki kwenda upande wa pili. Jabali la Ikombe na jabali la Lumbila kusini zaidi, kwake, ni nchi mbili. Kila nchi inaendelea na rangi zake. Ziwa nalo limekuwa likishuka na kupanda: tope lililochimbwa chini yake mwaka 2005 lilionyesha kwamba katika ukame mkubwa wa zaidi ya miaka 70,000 iliyopita kina kilishuka kwa mamia ya mita. Mawe yaliyokuwa mbalimbali yalikutanishwa na mengine yakatenganishwa, mara baada ya mara.

Kisha kuna namna ya kula. Yupo mmoja tuliyemtazama mpaka hewa ilipotulazimu kupanda. Pua yake imening'inia mbele kama kofia, mdomo uko chini kabisa, na kwa sababu hiyo anaweza kukwangua ukoga akiwa amelala sambamba na jiwe. Wenzake lazima wasimame kichwa chini mkia juu ili wale, na wimbi likija linawasukuma. Yeye anabaki ameng'ang'ania, tena kwenye maji ya juu kabisa yenye mwanga mwingi na ukoga mwingi. Jina lake la kisayansi ni Labeotropheus fuelleborni, alilopewa na Ernst Ahl wa Berlin mwaka 1926 kwa heshima ya Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Kijerumani aliyekusanya samaki huku kaskazini mwa Nyasa mwishoni mwa karne ya 19.

Hapo nataka kusema linaloniuma. Samaki huyo ameishi mbele ya milango ya watu wa Ikombe tangu kabla Ikombe haijawa Ikombe. Alikwenda Berlin ndani ya chupa ya spiriti. Baadaye, kuanzia miaka ya 1960, jamaa zake walikwenda wakiwa hai kwenye matangi ya kioo ya Ulaya na Marekani, na huko watoto wanajua majina yao, wanajua wanakula nini, wanajua dume gani ni la jabali lipi. Ad Konings, Mholanzi aliyezamia ukingo wote huu, ameandika vitabu vyenye picha ambavyo wafugaji wa samaki wa nje wanavihifadhi kwa heshima kubwa. Simlaumu; nimejifunza mengi kwake. Lakini nilipowaonyesha picha hizo watoto waliokuwa wakioga Lyulilo, walinitajia kwa haraka samaki wanaofaa kuliwa, na hawa wa rangi wakawaita wote kwa jina moja, samaki wa mawe. Walikuwa hawajapata kuvaa miwani. Binti yetu aliwavalisha yake kwa zamu, maji yakiwafika kifuani, na kila aliyeinua kichwa alikuwa anapiga kelele kwa Kinyakyusa na kumvuta mwenzake mkono. Miwani ya kuzamia ni kitu cha bei ndogo. Shule za Matema, Ikombe na Itungi zingekuwa nayo, somo la baiolojia lingehamia ufukweni.

Penye mchanga kati ya mawe mambo ni mengine. Madume ya aina fulani yanachota mchanga kwa mdomo na kujenga vichuguu vyenye kikombe juu, vingine vipana kuliko sinia la pilau, na kila dume linacheza juu ya kichuguu chake likingoja jike. Jike likitaga, linayachukua mayai mdomoni papo hapo. Dume lina madoa ya manjano kwenye pezi la chini yanayofanana na mayai. Jike likiyafuata linapokea mbegu, na mayai yanarutubishwa ndani ya kinywa chake. Linakaa nayo karibu wiki 3, likila kidogo mno au lisile kabisa. Mke wangu alimwona mmoja, shavu limetuna, amejibanza kwenye ufa wa jiwe. Tulipomsogelea hakukimbia mbali. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba alitaka turudi nyuma kwa sababu mama yule alikuwa na mzigo.

Yuko pia mwenye hila, Nimbochromis livingstonii, mwenye mabaka ya samaki aliyeoza. Anajilaza ubavu kwenye mchanga, hapumui kwa kuonekana. Samaki wadogo wanaokuja kumdonoa wakidhani ni mzoga wanaliwa. Kenneth McKaye alimweleza kitaalamu mwaka 1981. Sisi tulimkuta amelala, na mmoja wa marafiki akamnyooshea kidole kwa huruma.

Usiku ziwa linabadilisha zamu. Mbuna wanaingia kwenye nyufa na rangi zao zinafifia, na wanaotoka ni wawindaji. Mrefu mmoja, mwembamba, mwenye kichwa cha bomba, alipita kando ya tochi zetu bila haraka. Hawa ni jamaa ya samaki wa umeme, Mormyrops, wanaotoa mapigo madogo ya umeme na kuyatumia kutambua kilicho mbele yao gizani. Huko Malawi watafiti wamewaona wakiwinda kwa makundi kwenye mawe, kundi lile lile usiku baada ya usiku.

Na jioni moja, juu ya maji mbali kusini, uliinuka moshi. Ilikuwa kungu, nzi wadogo wasio na idadi. Shangazi alisema upepo ukiwaleta ufukweni watu wanawakusanya na kuwafanya mkate. Lava wa wadudu hao mchana wanajificha chini, katika yale maji yasiyo na oksijeni ambako samaki hawawezi kuwafuata, na usiku wanapanda kula. Kwa hiyo kuna kiumbe kimoja kinachokwenda na kurudi kati ya tabaka hizo mbili za ziwa kila siku, na mwisho wake ni sufuria ya jikoni.

Kichocho lazima kitajwe. Ziwa Nyasa lina vimelea vyake, na wageni wengi wameupata ugonjwa huo kwa kuoga tu. Vimelea wanakulia ndani ya konokono, kisha wanatoka na kupenya ngozi, zaidi mchana jua likiwa kali. Kwenye mawe ya wazi yenye wimbi hatari ni ndogo kuliko kwenye majani karibu na vijiji, lakini haijaisha. Tulivaa suti nzima, tulijifuta upesi, na tulipanga kumeza prazikwanteli baada ya wiki 6 hadi 8, kwa sababu dawa inaua minyoo iliyokomaa na ikimezwa mapema haifai kitu. Wanaokaa hapo mwaka mzima wanahitaji zaidi ya dawa. Katika ziwa hili yuko samaki anayekula konokono, Trematocranus placodon, ana meno kooni ya kusagia magamba. Watafiti wa upande wa Malawi walionyesha kwamba pale uvuvi wa ufukweni ulipompunguza, konokono waliongezeka, na kichocho kikaongezeka kwa watoto. Nyavu za macho madogo na vyandarua vinavyokokotwa ufukweni vinachukua ulinzi wa watoto wa mvuvi mwenyewe.

Niliyasema hayo Lyulilo, chini ya mti, mbele ya wavuvi waliokuwa wakishona nyavu. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho. Hakubishana. Alisema, "Mwanangu, hayo ya konokono nimeyasikia. Wewe unashuka kule chini. Wavu wangu wa jarife umeshikwa na mawe, utauona?"

Siku ya mwisho ya kuzamia tuliitoa kwa kazi hiyo. Kijana wa Ikombe aliyekuwa akitupeleka kwa mtumbwi, ambaye shemeji alikuwa ameshaanza kumfundisha kupumua kwa mtungi kwenye maji ya kiunoni, alitupeleka hadi mahali ambapo mzee alipatambua kwa kulinganisha mti mmoja wa mlimani na paa la bati ufukweni. Wavu ulikuwa mita 17, umelivaa jabali zima. Ulikuwa bado unavua. Ndani yake walikuwamo mbuna waliokufa, kaa, na mbasa mmoja mkubwa aliyebaki mifupa, samaki ambaye mvua zikianza hupanda mitoni kutaga na ambaye Kyela inamthamini kuliko wengine. Shemeji hakuruhusu mtu mwingine kuukaribia ila rafiki yake mmoja. Wavu uliopotea unamkamata mzamiaji kama unavyomkamata samaki, kwa hiyo wote wawili walikuwa na visu, mmoja anakata, mwingine anatazama. Sisi tulikaa pembeni na tochi. Walifunga kamba, wakapanda polepole, wakasimama mita 5 kwa dakika kadhaa kutoa naitrojeni, na juu kijana akavuta.

Mzee aliutambua kwa vielea vyake alivyovikata mwenyewe kutoka kwenye ndala za bluu. Aliupitia kwa vidole, akasema theluthi yake inafaa. Kisha akanyoosha mkono kusini.

"Kuna mwingine, wa ndugu yangu. Pale penye jiwe jeupe."

"Kina chake, mzee?" shemeji akauliza.

"Kamba ya pima ishirini haikugusa."

Shemeji akapiga hesabu. Pima 20 ni zaidi ya mita 35, na saa zetu 24 za kusubiri zilikuwa zimekwisha anza kuhesabika. Akamwambia huko hashuki kwa mitungi tuliyo nayo, na atakuja mwakani na watu wa kutosha. Mzee akamuuliza kama kijana wa mtumbwi atakuwa ameshafuzu kufikia wakati huo. Shemeji akamgeukia kijana, wakaanza kuzungumzia vyeti, gharama na nauli ya kwenda Unguja, na shangazi akatuita kula.